Gitaa Lenye Mkono

Watu wa Gisenyi waliobaki wa rika langu, wakikumbuka magitaa ya ajabu ya miaka ile ya hamsini, husema kaka yangu alikuwa fundi. Juzi tu kijana mmoja aliniamkia barabarani, akaniambia amesikia kwa babu yake kwamba mimi ni dada wa yule fundi wa magitaa. Nikamwambia mtu huyo simjui. Akacheka, akadhani ni uzee. Si uzee. Ni hasira, nami nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza meno yangu.

Kaka yangu hakuwa fundi. Hakuwahi kupigilia msumari hata wa kutundikia kofia yake. Kupiga gitaa alijua, hilo simnyimi, sauti alikuwa nayo, na suruali alizoshonewa na baba zilimkaa vyema. Lakini kila gitaa alilolipiga Gisenyi, na ng'ambo ya mpaka kule Goma, lilitoka kwenye mikono hii yangu, nyuma ya nyumba yetu, kati ya jiko na banda la kuku.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye mtaa wetu wa Waislamu. Barazani kwake ndipo nilipokulia, nikiokota vipande vya vitambaa chini ya meza, na kabla sijajua kusuka mkeka nilishajua kukata umbo la shati kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Baba hakugusa kitambaa cha mteja kabla ya kukata karatasi. Karatasi ikiharibika, alisema, hakuna anayelia. Kaka naye alifundishwa hayo hayo, ila yeye alikuwa akikata huku anatazama wapita njia, na mashati yake yalitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Baba alicheka. Ningekata mimi hivyo ningechapwa na futi ya mbao.

Siku hizo nyimbo za magitaa zilikuwa zikiingia kutoka Kongo kwa santuri na kwa redio za wenye redio, na vijana wote wa mjini walitembea wakichezesha vidole hewani. Kaka akataka gitaa. Alilitaka mpaka akaacha kula, au tuseme aliacha kula tulipokuwa tukimtazama. La dukani lilikuwa moja tu, limening'inizwa dirishani kwa mfanyabiashara mmoja Mzungu, na halikuwa la watu wa aina yetu. Nilikwenda kulitazama. Nililitazama kama binti wa fundi cherehani anavyotazama nguo: bega, kiuno, nyonga, shingo. Nikajiuliza, na bado najiuliza, nani aliyesema lazima gitaa liwe na kiuno. Kwani ni gauni la kwendea harusini?

Nikarudi nyumbani nikakata karatasi.

Gitaa la kwanza nililitoa kwenye debe la mafuta ya taa. Shingo ilikuwa ya mbao ya umusave, mti usiopinda ukikauka. Nyuzi nilizitoa kwenye waya za breki za baiskeli: waya unaifumua, uzi mmoja mmoja kwa sauti ya juu, na kwa sauti nzito unasokota nyuzi kadhaa pamoja. Vile vyuma vidogo vya kwenye shingo, vinavyokatiza chini ya vidole, vilikuwa mbavu za mwavuli uliokwisha kufa. Debe lile lilipiga kelele kama paa la bati chini ya mvua ya mawe, lakini lilipiga. Nililijaribu mwenyewe, maana hushoni shati bila kumpima mtu, nikaona vidole vyangu vinajua njia. Na kila gitaa lililofuata nililipiga mimi kwanza, taratibu, huku mchi wa mtu fulani ukitwanga kwa jirani na kunifichia sauti.

Mama ndiye aliyenikuta. Ndiye pia aliyeanzisha uongo, Mungu amrehemu.

"Yebabawe!" alisema, mikono kichwani. "Mutoto mwanamuke na nyundo? Na waya? Watu wakiona, nani atakuoa? We sema ni ya kaka yako."

Nikasema hivyo. Kaka akalichukua debe, akalipeleka barazani, na kufika alasiri nusu ya mtaa ilikuwa imesimama pale ikimuuliza maarifa haya ameyatoa wapi. Nilimsikia kwa dirisha la jikoni. Alitazama vidole vyake, akajibu kwa unyenyekevu wa kuigiza:

"Inakuyaka yenyewe tu, mu kichwa."

Inakuja yenyewe! Mimi nilikuwa namenya viazi, na kisu kilikuwa kinaniuma kwenye malengelenge.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Walisahau kuongeza kwamba watu hawaulizi vimeundwa na nani. Humsifu aliyekaa ndani ya chombo. Gitaa la pili nililichonga kwa mfano wa inanga ya wazee, ule ubao mrefu wa nyuzi uliochimbwa kama sinia, nikalipachika shingo, likatoka refu mpaka kaka alilipiga akiwa amelilaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Watu wakasema kijana huyu hajasahau mambo ya wazee. La tatu lilikuwa na tumbo la kibuyu na ngozi ya mbuzi. Watu wakasema kijana huyu ana akili ya Kizungu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kaka akaanza kuwaeleza watu jinsi ya kuchagua mbao. Alikuwa hajui kutofautisha umusave na fimbo ya bibi kizee.

Siku moja akaja mvuvi kutoka Nyamyumba, mtu wa mabega mapana, akamkuta kaka barazani.

"Fundi, mi niko natumika ku maji," alisema. "Gitaa ya mbao inavimba, inapasuka. Unaweza nitengenezea ile haiogope maji?"

"Bon, rudi wiki ijayo," kaka akajibu, bila hata kukuna kichwa. Kisha akaja jikoni mbio kuniuliza kama jambo hilo linawezekana.

Liliwezekana. Nililitengeneza kwa beseni la enameli lenye maua mekundu, nikalifunika kwa ubao niliounywesha mafuta ya mawese mpaka ukakataa kunywa tena, na shingo nikaifanya kwa mpini wa kasia lake mwenyewe lililovunjika. Mvuvi alilipenda mno. Alisema akiwa ziwani wenzake wa mitumbwi mingine wanasogea karibu ili wasikie beseni linaimba. Akamletea fundi samaki wa shukrani, kapu zima. Fundi aliwapokea kwa mikono miwili, na mimi nikawapara magamba.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Nasema kweli. Msichana wa nyumbani kwetu alimeza mengi. Lakini lile gitaa la mwisho sikulitengenezea kaka, wala mvuvi, wala mtu yeyote.

Cherehani ya zamani ya baba ilikuwa na kifuniko cha mbao kilichokunjwa kwa juu kama mgongo wa kobe. Kilipasuka ubavuni kilipoanguka, baba akakitupa stoo. Nikakiomba, akanipa, akidhani nataka kutagishia kuku. Kifuniko kile ndicho kilichokuwa tumbo la gitaa langu. Matundu ya sauti sikuyaweka katikati kama la dukani. Niliyapanga kwa mstari begani, madogo madogo, kama ya vifungo.

Lakini ajabu yake ilikuwa mkono. Nyimbo za Kongo za wakati ule zilipigwa na watu wawili, mmoja anauliza kwa nyuzi nyembamba na mwenzake anamjibu. Mimi sikuwa na mwenzangu. Nyuma ya jiko nilikuwa peke yangu na kuku. Basi nikataka gitaa linalojiuliza na kujijibu lenyewe: shingo ya kawaida, na pembeni yake mkono uliopinda kutoka begani kama mkono wa koti, wenye nyuzi nene za kupigwa kwa dole gumba.

Mti haukubali kupinda hivyo ukiwa mkavu. Ila mama alikuwa mzaliwa wa Nyamyumba, alisilimu alipoolewa, na kila tulipokwenda kumsalimia bibi tulipita kwenye chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa, amashyuza, ambako wanawake waliivisha viazi vitamu bila kuni. Nilizamisha fito yangu mle, nimeifunga kwenye gunia na kuigandamiza kwa jiwe. Wanawake wakaniuliza napika nini. Nikawaambia mti. Wakacheka mpaka mmoja akapoteza viazi vyake. Fito ya kwanza ilivunjika nilipoikunja, na ya pili ikavunjika, na nyingine ikapinda kisha ikajinyoosha njiani tukirudi. Safari baada ya safari. Mwishowe moja ilikubali. Niliifunga kwa matambara ya baba ikiwa bado inafuka mvuke, nikarudi nayo nyumbani nimeikumbatia chini ya kanga, na mama akitembea mbele yangu tusionekane tuko pamoja.

Siku nilipolifunga nyuzi na kulipiga, dole gumba likawajibu wenzake, nikalia. Sikulia kwa huzuni. Lilikuwa langu.

Kaka akalikuta. Jumamosi moja nilitoka sokoni nikakuta mahali nilipolificha chini ya kitanda changu pako patupu. Alirudi kutoka Goma kesho yake, macho mekundu kwa furaha, akanieleza kwamba baa nzima ilisimama, kwamba watu walipanda juu ya viti kuona gitaa lenye mkono, kwamba mpiga gitaa mmoja maarufu alimshika bega na kumwita ndugu. Nilimwambia sitaki alichukue tena. Akasema ameazima tu. Aliazima Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikawa mimi ndiye ninayemwomba yeye aniachie.

Katika kwenda na kurudi Goma, kaka alikuwa akipanda lori moja lililoshusha maharage na viazi kutoka Kanama. Dereva wake, kijana wa Mbugangari, alimpenda sana. Hakumtoza nauli, alimketisha mbele, akamwomba aimbe njia nzima. Dereva huyo ndiye aliyeleta posa nyumbani. Alikuwa mtu mpole, mwenye heshima, anayeswali. Sikuwa na la kusema, na nisingeulizwa.

Sasa nieleze desturi yetu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye mtaa wetu bibi arusi alikwenda kwa mumewe pamoja na vyombo vyake. Wanawake walivibeba vichwani mchana, kwa ngoma, ili kila mtu avione. Shangazi alitangulia, na mlangoni kwa bwana arusi alikiinua kila kitu na kukitangaza: hiki amepewa na fulani, hiki amekifanya kwa mkono wake. Kilichotangazwa mlangoni kilikuwa cha mwanamke mpaka kufa kwake. Mume asingekigusa, ndugu asingekidai. Bibi arusi mwenyewe alifunikwa kanga, na hakuwa na ruhusa ya kusema neno. Ruhusa yake ilikuwa moja: kulia. Tena alilazimika kulia, na kwa sauti, kwa sababu asiyelia walimsema kuwa alikuwa na haraka ya mwanamume. Na alipolia, wanawake walimjibu kwa vigelegele.

Kwa hiyo shangazi alipokuja kukagua vyombo vyangu, masufuria, mito, mikeka niliyosuka, mapazia niliyotarizi, alikuta gitaa limelala juu ya mikeka.

"Na hii nayo?" aliuliza.

"Ni yangu, shangazi. Ni mi nilitengeneza. Itangazwe."

Akamtazama mama. Mama akatazama chini. Kaka akaitwa, na baba akaja na futi yake ya utepe shingoni.

"Mi nitapiga nini sasa?" kaka alisema, kama mtoto aliyenyang'anywa kiazi.

"Tengeneza ingine," nikamwambia. "Si inakuyaka mu kichwa?"

Baba akaniambia nishike adabu. Alijua. Huyo ndiye anayenichoma zaidi. Hakuna fundi cherehani asiyeutambua mkono wa mtoto wake. Alikuwa ameyaona matundu yale ya vifungo, aliwahi kuyapitishia kidole. Lakini aliona aibu.

"Watu ya Mbugangari watasema nini?" aliuliza. "Ati nimewapa seremala? Gitaa haiendake na vyombo vya mwanamuke. Ni kitu ya kaka yako, mutaa wote unajua."

Nikakaa chini sakafuni. Nikasema bila gitaa hili hakuna mtu atakayenipaka hina, hakuna atakayenivisha, na wakitaka wanifunge kamba wanipeleke juu ya lori kama gunia la viazi. Nikasema nitamweleza shehe mwenyewe mbele ya watu. Walibembeleza, walitishia, shangazi alinifinya sikio. Nilikaa. Chakula kilikuja kikaondoka. Wanawake walikuwa wamekwisha kusaga hina ikakauka bakulini, ndipo baba akatoka chumbani kwake.

"Bon. Iende," alisema. "Lakini sitaki kusikia tena maneno ya nani alitengeneza."

Mimi nilisikia "iende". Nilifurahi hata nikamwonea huruma kaka, ambaye alikubali upesi upesi na kwenda kunong'ona na shangazi barazani. Nikadhani wanaagana.

Tulikwenda Mbugangari kwa miguu jua likiwa kali. Sikuona kitu chini ya kanga ila miguu yangu yenye hina na ukingo wa gauni la mama, aliyenishika mkono. Nilisikia ngoma, nilisikia watoto wakipiga kelele, "Gitaa! Angalia gitaa inapita ku kichwa!" Nilikuwa nacheka mle ndani. Bibi arusi gani anacheka? Nilikuwa nikingojea mlango.

Mlangoni shangazi akaanza. Masufuria, kigelegele. Mito, kigelegele. "Mikeka hii, alisuka kwa mikono yake!" Vigelegele tele. Kisha nikasikia nyuzi zikilia kidogo, zikigusana na bangili zake, nikajua ameliinua.

"Na hii gitaa!" shangazi akapaza sauti. "Kaka yake aliitengeneza kwa mukono yake, anamupa dada yake asimusahau!"

Nilipiga ukelele. Sikupanga. Ulitoka tumboni.

"Uongo! Ni mi niliitengeneza! Si yeye! Ni mi!"

Basi wanawake wakalipuka kwa vigelegele.

"Alie! Alie mutoto wetu!" walisema. "Anamulilia kaka yake! Ayi we, wamependana hawa!"

Nikapaza zaidi. Nikataja kifuniko cha cherehani, nikataja amashyuza, nikataja fito zilizovunjika, na kila nilivyopaza ndivyo na wao walivyopaza, wakinisifu kwa kulia vizuri, mpaka ngoma nayo ikaingia. Mwanamke mmoja mwenyeji alisema hajaona bibi arusi mwenye uchungu kama huyu. Kwa upenyo wa kanga nilimwona kaka upande wa wanaume. Alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa. Nadhani wakati huo alishaamini.

Mama alikuwa ameegemeza bega lake kwangu. Wengine wangeweza kusema hawakusikia, yeye alisikia kila neno, na kila neno alijua ni kweli, maana alikuwepo kwenye jiko lile na kwenye maji yale ya moto. Aliniminya vidole. Kisha akainua kichwa, akapiga kigelegele kirefu kuliko cha wote.

Nimemuuguza, nimemzika, namwombea dua kila Ijumaa. Kigelegele kile sijakisamehe.

Kesho yake asubuhi, wanawake walipokwisha kuleta uji na kuondoka, mume wangu alipigilia msumari mkubwa ukutani akalitundika gitaa. Alirudi nyuma akalitazama kwa mapenzi, akalifuta vumbi kwa ncha ya kanzu yake mpya.

"Tungoje shemeji akuje atupigie," alisema.

Nililishusha, nikaketi mkekani, nikalipiga. Nililipiga lote, shingo na mkono, swali na jibu, kama nilivyolipiga siku ile niliyolia, ila sasa bila mchi wa jirani wa kunificha. Mume wangu alisimama tuli, uji ukipoa mkononi. Nilipomaliza macho yake yalikuwa yameloa, na nikafikiri, Alhamdulillahi, huyu walau amesikia.

"Ayi we," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka yako alikufundisha muzuri sana."

"Basi ungemuoa yeye," nikamwambia, nikamnyang'anya bakuli la uji.